Kadzo na Sahani za Futari

Kwa miaka thelathini na miwili mlango wa Kahindi wa Ngowa, katika kichochoro kimoja cha Kuze, haukupata kufungwa mchana. Ndiyo ada ya mtaa ule. Mlango hurudishwa tu, na mwenye haja hupiga hodi mguu mmoja ukiwa umeshaingia. Kwa hivyo siku alipoanza kuutia kufuli saa nne za asubuhi, habari ilienea mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na aliyekuja kuuliza kwa niaba ya wote alikuwa Bi Mahira, jirani wa ukuta mmoja.

"Shemeji," alisema, kikapu mkononi, "umeoa?"

"Nioe nani na magoti haya?"

"Basi mlango wafungiwani? Mjane akifunga mlango mchana, ama ameoa ama amekufa. Na maiti hanunui vichwa vya samaki ndoo nzima. Odera ameniambia."

Odera alikuwa muuza samaki wa Bondeni, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. "Nafuga bata mzinga," akasema Kahindi. "Wa Krismasi."

"Bata mzinga yuwala samaki?"

"Wa siku hizi hula kila kitu."

Bi Mahira akahamisha kikapu mkono wa pili. "Haya. Paka wangu Mdalasini leo siku ya tisa hajarudi. Ukimwona kwako, nambie. Paka mkubwa kama yule hapotei Kuze."

Kahindi aliitikia kwa kichwa. Bi Mahira alipokwisha kuondoka, Kahindi aliingia ndani, akafunga kufuli, akabaki ameegemeza mgongo mlangoni. Alisikiliza. Kutoka uani hakukuja sauti yoyote, na hilo ndilo lililomtia baridi. Mbwa hubweka, mbuzi hulia, na mtu akajua mnyama wake yuko wapi. Kadzo hakuwa na mlio. Alikuwa na pumzi tu.

Bi Mahira hakumwita Kahindi shemeji kwa mzaha. Yeye alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa mtaa ule tangu enzi za babu zake. Kahindi alikuwa Mgiriama na Mkristo, fundi wa vyuma mstaafu wa karakana ya reli, aliyepanga nyumba ile pamoja na mkewe Dama wakiwa bado vijana. Wanawake wale wawili walifanywa ndugu na ukuta. Kati ya nyua zao palikuwa na mlango mdogo, mfupi kiasi cha mtu kuinama, uliotobolewa na waliojenga nyumba zile kabla ya mtu yeyote aliye hai kuzaliwa. Hapo Dama na Bi Mahira walipitishiana vyakula. Hawakuitana kwa majina. Aliyeleta aligonga sahani kwa kijiko mara tatu, keng, keng, keng, na aliye ndani akajua kuna kitu cha moto. Ramadhani ilipofika sahani ziliongezeka, maana futari ya Kuze haibagui dini, na sahani ya mtu hairudi kwao tupu.

Dama alipofariki, miaka minne iliyopita, mlango ule mdogo ulinyamaza. Bi Mahira akaanza kupitia mbele, kwa heshima. Si vyema mwanamke kuingia kwa mjane kupitia mlango wa uani.

Sasa habari ya Kadzo.

Griffins, mtoto wa mdogo wake Dama, alikuwa karani wa mizigo bandarini. Mwaka jana lilifunguliwa sanduku la mbao lisilo na mwenyewe, lililoandikwa kuwa na mayai ya bata wa kigeni, na amri ikatoka yachomwe. Karibu yote yalikuwa yamepasuka. Moja lilikuwa zima, refu kama muhogo mfupi, rangi ya majivu. Griffins alilileta limefungwa ndani ya taulo.

"Baba Mkubwa, kuku wako huatamia hata jiwe," alisema akicheka. "Mpe hili tuone."

Kuku aliatamia siku ishirini na sita. Kifaranga kilipotoka, kuku alikitazama kwa jicho moja, akakigeuzia jicho la pili, kisha akaruka juu ya ukuta na hakurudi tena.

Kahindi alijua kusoma tangu akiwa na miaka ishirini na tisa. Alijifunza jioni katika darasa la ngumbaru, mikono ikinuka grisi, na tangu hapo hakukubali kitu kimpite bila kukitafuta kitabuni. Alikwenda kwa muuza vitabu vikuukuu, akapata kitabu cha picha za viumbe wa kale, akakiweka wazi sakafuni mbele ya kifaranga. Miguu miwili mirefu. Mkia mgumu. Manyoya kama ya kifaranga wa kuku, lakini chini ya manyoya mdomo, na ndani ya mdomo meno madogo kama punje za mchele. Redio ilikuwa imekwisha kusema kwamba huko ng'ambo wapo watu wanaowarudisha viumbe waliokwisha. Kahindi alikuwa amewacheka. Sasa alikuwa na dinosaria jikoni, amelala juu ya kiatu chake.

Akamwita Kadzo, jina ambalo kwao hupewa mtoto wa kike aliye mzuri.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kadzo alimaliza mende wa nyumba nzima kwa wiki moja, na panya kwa wiki ya pili. Alimfuata Kahindi kila chumba. Kwa mjane aliyezoea kula akitazama ukuta, lilikuwa jambo kubwa kutazamwa na macho mengine. Kila Jumapili baada ya kanisa alimsimamisha kando ya mwimo wa mlango wa jikoni, akatia alama ya chaki, akaandika urefu katika daftari. Alama zilipanda. Zilipanda mpaka kiunoni kwake, zikapanda mpaka kifuani.

Raha ikageuka kazi. Asubuhi ndoo ya vichwa vya samaki. Jioni utumbo kutoka kwa muuza nyama. Maji madumu manne kwa siku, kwa kuwa kisima cha uani kilikuwa na chumvi na Kadzo hakukigusa. Kinyesi chake kilikuwa cheupe na kizito kama chokaa, na Kahindi alikitoa alfajiri kwa viroba, akifukiza udi asubuhi na jioni mpaka majirani wakasema Mkristo yule sasa ananukia kuliko bibi harusi. Meno yalimdondoka Kadzo, yakaota mapya. Kahindi aliyaokota sakafuni na kuyatia kwenye kopo. Ya mwanzo yalikuwa kama mchele. Ya mwezi huu yalikuwa na urefu wa kidole chake cha mwisho, na yalikata.

Alimhamishia stoo, chumba cha mawe kando ya ua, chenye dirisha moja dogo alilolitia nondo kwa mkono wake. Mlango wa stoo haukuwa na komeo. Akatazama huku na huku, akaona komeo zuri la chuma katika ule mlango mdogo wa ukutani, ambao haukuwa na mpitaji tena. Akalifungua, akalihamishia stoo. Fundi mzuri hanunui kilichopo nyumbani.

Na akamfundisha. Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote. Mnyama asiyefundishwa ni wa mwitu, aliandika katika daftari, aliyefundishwa ni wa nyumbani. Alimzoesha asiguse chakula mpaka asikie ishara. Alikaa na sinia na kijiko, wiki sita, kwa uvumilivu ule ule uliomfundisha kusoma. Keng, keng, keng, kisha chakula. Bila ishara, hakuna. Hakujiuliza kwa nini alichagua mara tatu. Kwa masikio yake ndivyo chakula kilivyokuwa kikija katika nyumba ile.

Kadzo alijifunza. Alisimama hatua tatu mbali, kichwa upande, mate yakimdondoka, mpaka kijiko kigonge mara ya tatu. Ndipo aliposogea, na alisogea kwa namna ambayo jicho halikuweza kuifuata. Alikuwa kule, kisha alikuwa hapa.

Kuze ni mtaa wa paka. Hulala madirishani, barazani, juu ya pikipiki. Yapata mwezi mmoja kabla ya Ramadhani Kahindi alianza kuona kwamba kichochoro chake kimekuwa kitupu. Watu walisema kuna mtu anatega sumu. Asubuhi moja, akifagia ua ambamo Kadzo huachwa apate jua, aliona kishungi cha manyoya ya rangi ya mdalasini pembeni mwa kisima. Alisimama nacho mkononi. Kisha akakitia katika kiroba pamoja na kile kinyesi cheupe, na hakumwambia mtu.

Usiku huo hakulala, na asubuhi ndipo alipoanza kutia kufuli.

Jumapili iliyotangulia Ramadhani, Griffins alikuja kumsalimu. Hakuwa amemwona Kadzo kwa miezi mitano. Kahindi alimpeleka hadi dirisha la stoo kama mtu anayeonyesha cheti cha shule. Griffins alichungulia. Ndani, katika kiza, kichwa kiliinuka taratibu kikawa sawa na chake, na pumzi ikampiga usoni.

Griffins alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa pili. "Baba Mkubwa," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Huyu si wa kufuga."

"Amefundishwa. Ngoja nikuonyeshe."

"Usinionyeshe." Alikuwa ameshatoa simu. "Nina rafiki kwa watu wa wanyamapori. Nampigia sasa."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Umeona hilo domo?"

Wakati uleule, katika nyumba ya Bi Mahira, mtu alianza kuosha vyombo. Sahani iligonga sahani, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ndani ya stoo kitu kizito kilijitupa kwenye mlango. Komeo likalia. Vumbi la mbao likaanguka kutoka kwenye mwimo, laini kama unga.

Kahindi alitazama ule unga sakafuni na kwa mara ya kwanza akaelewa alilolifanya. Ramadhani ilikuwa siku mbili mbele. Kwa siku thelathini, kila magharibi, mtaa mzima wa Kuze ungekuwa unagonga sahani. Na aliyezoea kuingia na sahani yake katika nyumba hii bila kungoja jibu, kwa miaka yote hiyo, alikuwa mwanamke mmoja mwenye miaka sabini na mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

"Waje Ijumaa," alimwambia Griffins.

"Kwa nini si leo?"

Kahindi alitaka kumpima Kadzo mara ya mwisho. Alitaka kumaliza ukurasa wa daftari. Alitaka, Mungu amsamehe, kuagana naye. "Ijumaa," akarudia. "Mlango nitautengeneza mimi. Nimetengeneza mabehewa, nitashindwa na mlango?"

Siku hiyo hiyo alikaza komeo upya kwa skrubu ndefu zaidi. Ziliingia kwa urahisi mno. Mchwa walikuwa wamekula mwimo kutoka ndani, na rangi ya juu ndiyo iliyokuwa imeushika.

Usiku wa kuandama mwezi alimwendea Bi Mahira mlangoni kwake. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini njia ilikuwa ya hatua nane tu.

"Bi Mahira, Ramadhani njema. Mwaka huu usijisumbue kuniletea futari."

Bi Mahira alikuwa akichagua mchele. Mikono yake ikasimama. "Nimekukosea?"

"La, hasha."

"Mbaazi zangu zimekuwa mbaya?"

"Mbaazi zako hakuna mfano. Ni mimi tu. Mwaka huu niache."

Alimtazama kwa macho yake yenye ukungu, kuanzia kandambili zilizokwisha kisigino hadi shati lililofuliwa likachakaa. Kahindi aliona kwamba kuna jambo limempitia kichwani, na akadhani ni hasira. "Haya, shemeji," alisema kwa upole uliomshangaza. "Mtu na siri yake."

Lau angalikasirika, pengine mambo yangalikuwa mengine. Lakini Bi Mahira alikuwa amekaa na watu wenye staha maisha yake yote, na alijua mwenye staha hukataa sahani kwa sababu moja tu: hana cha kuirudishia. Vichwa vya samaki. Mlango uliofungwa ili watu wasione jiko lililozimika. Bata mzinga ambaye hakuna aliyemwona. Alijumlisha, akapata jibu: njaa.

Siku ya kwanza ya mfungo Kahindi alitoka alasiri, akafunga kufuli nyuma yake, akakaa barazani. Majirani wengine walipoleta sahani, alizipokea palepale, kwa mikono miwili, kabla kijiko hakijagusa chochote. Kabla ya kutoka alikuwa amemshibisha Kadzo ndoo mbili na kumtundikia gunia dirishani ili sauti zipungue. Hata hivyo, kila sahani iliyogonga sahani mtaani aliisikia mgongoni kama kokoto. Adhana ilipomalizika na watu kuanza kula, alibaki ameketi na chakula cha watu mapajani.

Siku ya pili ilipita hivyo. Bi Mahira hakuleta. Alipita tu na kusema, "Walinda benki, shemeji?" naye akacheka kama mtu mwenye jino bovu.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Kesho yake watu wa wanyamapori wangekuja. Kahindi alikaa barazani akihesabu saa kwa vidole. Kichochoro kilinuka mafuta ya viazi karai na iliki ya kaimati. Ilikuwa imebaki robo saa jua litue, ile robo saa ambayo mji wote hushusha sauti na hata watoto hukaa. Na katika utulivu ule, kutoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akasikia:

Keng, keng, keng.

Alidhani ni nyumba nyingine. Kisha sauti ya Bi Mahira ikaja kwa mbali, ikipita uani na ukumbini, ya chini kama ya mtu anayeficha jambo jema. "Shemeji, ni mie. Hakuna aliyeniona. Nakuwekea hapa kisimani."

Mlango mdogo. Mlango ambao alikuwa ameuondolea komeo.

Ufunguo ulimtoka mkononi, akauokota, ukakataa kuingia, ukaingia. Akapita ukumbini akiparaza kuta kwa mabega. Kabla hajafika uani alisikia mshindo wa kwanza. Alipotokea mlangoni alisikia wa pili.

Bi Mahira alikuwa ndio kwanza amenyooka baada ya kuinama, mgongo kwenye mlango mdogo, sahani mikononi, kawa limeifunika vizuri. Alikuwa ameelekeza uso kwenye stoo. "Bata wako ana nguvu," alisema.

"Usigonge tena," Kahindi alisema. Hakujua sauti ile ilitoka wapi, ilikuwa tulivu. "Usikimbie. Usirudi nyuma hata kidogo."

"Kuna nini?"

Mshindo wa tatu ukang'oa komeo pamoja na kipande cha mwimo. Lilianguka sakafuni na kulia kama kengele. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole, na Kadzo akatoka kwa kuinamisha kichwa, kama mgeni mrefu katika nyumba fupi.

Hakumtazama Kahindi. Alisimama hatua tatu mbele ya Bi Mahira, kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Mate yalidondoka juu ya jiwe. Ishara ilikuwa imeshatolewa. Chakula kilikuwa mbele yake, na kwa akili yake hakuna aliyemwambia ni kipi kati ya sahani na anayeibeba.

Bi Mahira hakuona sawasawa. Aliona kivuli kirefu na akasikia pumzi. Midomo yake ikaanza kusoma kitu bila sauti.

Kahindi alitembea. Kutoka mlangoni hadi kwa yule mwanamke palikuwa na hatua saba, na alizipiga moja moja, bila kuinua mikono. Alifika, akaichukua sahani kutoka vidoleni mwake. Kawa likaanguka. Sambusa sita, mahamri, bakuli la mbaazi. Akashika kijiko.

Keng, keng, keng.

Kichwa kikageuka kwake. Macho yale ya manjano, aliyoyapenda, yakamtazama, na hayakuwa na habari naye hata kidogo. Yalitazama sahani.

Akarudi kinyumenyume kuelekea stoo. Kadzo akamfuata hatua kwa hatua, akinyoosha shingo. Kisigino cha Kahindi kikagusa kizingiti. Akaingia kizani, na mnyama akaingia nyuma ya sahani.

"Funga mlango," alisema.

"Na wewe?"

"Funga, Bi Mahira."

Mlango ukasukumwa. Hakukuwa na komeo tena. Akamsikia akikaa chini upande wa pili, mgongo wake kwenye mbao.

Alitupa sambusa ya kwanza kwenye kona ya mbali. Kadzo akaila na kurudi mahali pake, hatua tatu, akangoja. Kahindi akagonga mara tatu, akatupa ya pili. Mafunzo yalishika. Lakini alihesabu, na alijua kuhesabu: zimebaki nne. Na kila mara Kadzo alingoja muda mfupi zaidi. Baada ya sambusa ya tatu alisogea kabla ya kijiko kugonga mara ya tatu. Baada ya ya nne alisogea kijiko kilipogonga mara ya pili tu. Mahamri alinusa tu.

Nje, Bi Mahira alikuwa akiita. Hakupiga mayowe. Aliita majina ya watu, nyumba kwa nyumba, kama anayewaalika. Adhana ikaanza juu ya sauti yake, kutoka msikiti wa karibu, kisha wa pili. Kila mtu alikuwa na tende mdomoni. Hakuna ambaye angesikia.

Sambusa ya tano. Ukucha ukamkwaruza shati kutoka begani hadi mbavuni, bila kukusudia, kama mtu anayepita karibu nawe kwenye umati. Alihisi moto, kisha majimaji.

Ya sita aliishika mkononi.

"Shemeji." Sauti ya Bi Mahira ilikuwa kwenye mlango, karibu na sikio la Kahindi. "Bata wako yuwala nini?"

"Nyama," alisema. "Samaki. Lolote lenye damu."

"Tazama dirishani."

Gunia likavutwa. Mwangaza kidogo ukaingia, na pamoja nao mkono wa mtu, wa mwanamume, umeshika paja la kuku. Mtaa ulikuwa umesikia. Kahindi akalipokea, akagonga, akatupa. Mkono mwingine, na samaki wa kupaka. Mkono wa kike wenye bangili, na mishikaki. Majirani waliacha futari zao zikiwa bado hazijaguswa, wakazipitisha katikati ya nondo kipande kwa kipande, na uani alisikia sahani zikiwekwa chini kwa uangalifu, moja juu ya nyingine, bila kulia.

Ilikuwa karibu na isha Griffins, aliyepigiwa simu na majirani, alipofika na maafisa wawili. Mmoja aliingiza mtutu wa bunduki ya dawa ya usingizi dirishani. "Mzee, anasogea sana. Anaweza kusimama?"

Kahindi alikuwa na kipande kimoja cha samaki. Mkono wa kuume ulikuwa umeanza kufa ganzi. Alikiinua juu, karibu na kifua chake, mahali ambapo mwangaza ulifika, na akagonga sahani mara mbili. Kadzo, ambaye sasa shibe ilikuwa imempunguzia pupa, akasimama, kichwa upande, akingoja mara ya tatu. Alikuwa mzuri. Mlio mdogo ukatoka dirishani. Kahindi hakugonga mara ya tatu.

Walimtoa amefungwa kwenye turubai, ubavu ukipanda na kushuka. Afisa aliandika jina la Kahindi na kumwambia afike ofisini Jumatatu, na aje na daftari lake lote. Griffins alimpeleka kushonwa bega.

Aliporudi, Bi Mahira alikuwa bado ameketi uani juu ya kiti, na kando yake sahani ishirini na tatu, zimeoshwa. Alikuwa na glasi ya maji. Kahindi alifahamu kwamba ilikuwa ya kwanza tangu alfajiri.

"Nlidhani una njaa," alisema.

"Najua."

"Ungenambia tu."

"Najua."

Akazungusha glasi mkononi. "Na Mdalasini?"

Kahindi alitazama kisima. "Naye pia. Nilijua, nikanyamaza."

Bi Mahira aliinuka kwa kushikilia ukuta, akainama, akapita mlango mdogo, akaurudisha. Kahindi alibaki na sahani za watu, akijua kwamba zote itabidi zirudi na kitu ndani, na hakujua kama kuna nyumba itakayompokea.

Kesho yake hakukaa barazani. Mlango wa mbele aliuacha wazi tangu asubuhi. Alikaa uani, bega limefungwa, akitazama mlango wa stoo ulioning'inia. Jua likashuka. Robo saa ile ikafika.

Keng, keng, keng.

Mkono wake ukatafuta sahani isiyokuwepo, na macho yakakimbilia stoo, iliyokuwa tupu. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akingoja, bila kugonga tena. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo Bi Mahira alipata kungoja mlango wowote maishani mwake.

Kahindi akainuka, akaenda kumfungulia.